Kidole cha Chapchap

Jina la Chapchap alipewa na marubani wenzake, naye alilipenda. Lilitokana na kidole chake. Ndege walizorusha, mbili za aina moja, zilikuwa na kero moja: kitambuzi cha mlango wa mizigo kilikuwa kimelegea, na kila zilipopaa taa ya njano iliwaka, kengele ikalia ti-ti, ikidai mlango uko wazi. Mlango haukuwa wazi. Mafundi waliukagua hadi wakachoka. Vitambuzi vipya vikaagizwa, na miezi minne ikapita bila kuonekana. Marubani wakaona bora waifanye kero kuwa mchezo: nani ataibonyeza kengele inyamaze kabla haijalia mara ya pili? Wanaume sita na yeye, mwanamke pekee, rubani msaidizi, na hakuna aliyemfikia.

"Huyu mwenzenu," kapteni wake alipenda kuwatambia wengine, "anaizima kabla haijaamua kulia."

Hata nyumbani kidole hakikutulia. Saa ya jikoni ikilia tu, ameshaizima, na chakula kikaungua yeye amesimama pale pale.

"Mwanangu," mama yake alimwambia siku moja, akipepea kwa kanga, "saa umeinyamazisha. Huu moshi nao utaunyamazisha kwa kitufe gani?"

Walicheka mpaka machozi, kwa moshi na kwa kicheko.

Asubuhi moja walipaa na abiria sitini na wawili. Kapteni alishika usukani, Chapchap akashika redio na kuangalia vipimo. Walikuwa wanaingia mawinguni, mwongozaji wa ndege aliye chini mnarani anawasomea njia redioni, kengele ilipolia. Ti... Kidole kilikwisha kufika.

"Rekodi mpya hiyo," kapteni akasema bila kugeuza shingo.

Chapchap akatabasamu, akaendelea kuandika alichosomewa. Ndege ikaendelea kupanda.

Dakika mbili baadaye simu ya ndani ikaita. Alikuwa mhudumu wa abiria, binti mcheshi ambaye hakuwa na desturi ya kusumbua marubani.

"Dada, mko salama huko? Watoto wote huku nyuma wamelia kwa mpigo mmoja, kama wameambizana. Na mimi masikio yameniziba."

Chapchap akameza mate, na masikio yake mwenyewe yakazibuka, pu. Ndipo macho yake yaliposhuka kwenye kioo cha taarifa, mahali ambapo maneno hubaki hata kengele ikizimwa, kwani mlio ni ule ule kwa kila hitilafu. Hayakusema mlango. Yalisema hewa. Na sindano ya kipimo cha hewa ya ndani, kinachoonyesha hewa hiyo ni nyepesi kama ya kimo gani, ilikuwa inapanda sambamba na ndege: futi elfu nane na mia tano, elfu nane na mia saba.

Akamgeukia kapteni.

"Kapteni, si mlango. Hewa inatutoka."

"Hewa gani? Si kengele umeizima wewe mwenyewe sasa hivi?"

"Nilizima sijasoma. Vaa kinyago!"

Kapteni hakubishana tena. Wakavaa vinyago vya oksijeni, na chumba kikajaa sauti ya pumzi zao wawili. Chini yao kulikuwa na wingu zito, na ndani ya wingu milima. Chapchap akaita redioni kuomba kushuka mara moja.

"Subiri," mwongozaji akajibu. "Kuna ndege chini yenu."

Elfu tisa na mia tatu. Elfu tisa na mia tano. Chapchap alihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Nyuma yake kulikuwa na watu sitini na wawili, wakiwemo watoto waliojua kabla yake.

"Pinda kushoto, kisha shuka," mwongozaji akasema hatimaye.

Wakapinda, wakashuka. Sindano ikasita, ikaanza kurudi. Nusu saa baadaye magurudumu yaligusa lami, na abiria wakateremka wakisugua masikio, wasijue walikuwa wameponea nini.

Kapteni alimkuta kwenye chumba cha marubani uwanjani, fomu ya taarifa iko mbele yake.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "tuandike kengele ya mlango ilituchanganya. Si uongo. Ukiandika ulizima bila kusoma, leseni yako wanaichukua. Miaka tisa ya kazi yako hiyo."

"Najua."

Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Ndege ya pili ilikuwa imesimama pale, abiria wanapanda ngazi, mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Rubani msaidizi wa ndege hiyo ndiye aliyekuwa wa pili katika ule mchezo, na jana tu aliapa atamshinda Chapchap wiki hii.

Hakumaliza fomu. Aliinuka, akapita ukumbini karibu akikimbia, akaingia ofisini kwa mkuu wa marubani bila kubisha.

"Zuia ile ndege, mama," akasema. "Leo nimezima kengele ya hewa nikidhani ni ya mlango. Sikusoma. Sote hatusomi tena. Tunashindana."

Mkuu, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, akavua miwani.

"Sote ni nani?"

Chapchap alikuwa amelileta lake; majina ya wenzake hakutaka kuyataja.

"Andika na mimi," sauti ikasema mlangoni. Kapteni alikuwa amemfuata, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia makofi."

Mkuu akanyanyua simu, akasema maneno manne. Kisha akanyoosha mkono, na Chapchap akaitoa leseni mfukoni, akaiweka juu ya meza.

Alipotoka, abiria wa ndege ya pili walikuwa wanarudi ukumbini wakinung'unika. Yule mama mwenye mtoto aliona sare yake, akasimama mbele yake.

"Nyinyi watu! Mnatupandisha, mnatushusha. Mnajua mmetuchelewesha kiasi gani?"

"Tumewachelewesha, mama," Chapchap akasema, akampokea mfuko mzito aliokuwa ameshika. "Twende nikutafutie pa kukaa."