Tiketi ya Pointi

Fundi Tepu hakuamini hata kivuli chake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya tepu ya kupimia isiyoshuka shingoni mwake. Akinunua jora la kitambaa, alilikunjua palepale dukani na kulipima upya, mwenye duka akimtazama kwa jicho la pembeni.

Mtu wa namna hiyo kuchukua kadi ya mkopo, utastaajabu. Fomu alikwenda nazo nyumbani akazisoma wiki mbili, hasa yale maandishi madogo madogo, akitafuta mtego uko wapi. Akaupata: riba. Basi akaukwepa. Kila kitambaa cha sare za shule alizoshona alikinunua kwa kadi, na kila mwezi alilipa deni lote siku tatu kabla ya tarehe. Benki haikumla hata senti, naye akavuna pointi, zile za zawadi ambazo benki humpa mteja kila anunuapo kwa kadi. Miaka minne alizirundika kimya kimya, bila kugusa hata moja, mpaka zikatosha tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Ilikuwa ya mkewe, akamwone binti yao aliyeolewa mbali, na mjukuu waliyemjua kwa picha tu. Hakumwambia mtu, hata mkewe mwenyewe. Aliona maneno yakishatoka mdomoni, wezi watayadaka.

Ndipo dada mmoja mwenye sauti tamu akaanza kumpigia simu.

"Shikamoo mzee. Nakupigia kutoka benki, kuhusu pointi zako..."

Akakata. Jumatano dada akapiga tena. "Mzee, sitaki nambari yako yoyote. Njoo tu tawini kabla mwezi haujaisha."

Hapo ndipo fundi alipozidi kushtuka. Tapeli asiyetaka nambari! Huyu kabobea. Akakata, na ujumbe uliofuata akaufuta bila kuusoma. Mara ya tatu alifoka: "Ukome, binti! Usinipigie tena!" Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akajifanya hakusikia.

Tarehe mbili fundi alikwenda benki kushtaki matapeli. Karani akatazama kompyuta, kisha akamtazama yeye kwa huruma.

"Mzee, utaratibu ulibadilika. Asiyetumia pointi kwa miaka mitatu, zinafutwa zote. Zako zimefutwa juzi. Mwenzangu alikupigia mara tatu."

Fundi alirudi nyumbani amenywea. Mkewe alimpokea kwa bashasha, akamvutia kiti, akampakulia chakula.

"Kaa, mume wangu. Leo nikwambie ukweli. Siku zote hizi nilijua kuna mwanamke anakupigia. Ulipomfukuza vile, nililia kwa furaha."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini akamweleza yote: dada wa benki, pointi, tiketi, safari ya kwenda kumbeba mjukuu. Mkewe alisikiliza, sahani mkononi, tabasamu likimfifia kidogo kidogo.

"Afadhali angekuwa hawara wako," akasema, akaiweka sahani mezani na kuingia ndani.