Meza Nje ya Geti

Jirani yangu hapa Mbeya ni Mchina, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Siku za kazi huwa Ubaruku, kwenye mashine zake, Jumamosi hurudi. Wenzake waliokuja naye kujenga barabara waliondoka kazi ilipoisha. Yeye akabaki.

Kwao ni kijiji cha wavuvi. Huko, alinieleza, kila mwaka sanamu ya Mama anayelinda watu wa baharini hutolewa hekaluni, huketishwa kwenye kiti chenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne humbeba kwa ngoma. Anayetaka kumpokea huweka meza mlangoni. Penye meza Mama husimama, pasipo na meza hupita. Wenzake walipokuwepo walimzungusha mtaani kwetu, kwa sanamu ndogo waliyokuja nayo, wakiwekeana meza wao kwa wao. Mwaka huu kiti kilikosa wabebaji. Na Mama asipopata meza hata moja, alisema, ni kama hakutoka.

Nilimsindikiza hadi kwa waendesha bodaboda pale kona kuomba wabebaji.

"Fundi, mke wangu akisikia nimembeba mwanamke mwingine mchana kweupe, nalala nje!" mmoja alisema.

"Na mchungaji je?" akadakia mwingine. Wakacheka, naye akacheka nao. Tulirudi bila mbebaji.

Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nilimwambia wazi kwamba kusujudu siwezi.

"Si kusujudu, Mwalimu. Ni kukaribisha."

Kukaribisha naweza. Tangu mume wangu afariki, ni jambo ninalolikosa kuliko yote.

Jumapili alasiri alitoka peke yake. Mama alikuwa kifuani pake, amefunikwa kitambaa chekundu kama mtoto mchanga. Ngoma zililia kwenye simu, mfukoni mwa shati. Mageti yote yalikuwa yamefungwa. Langu nilikuwa nimelifungua, nikaweka nje meza yetu ya wageni: ndizi, maparachichi, glasi ya maji.

Alisimama. Alimweka Mama mezani taratibu, kisha akaniuliza, maana desturi yao ni kumtajia wakazi wa nyumba:

"Humu mnaishi wangapi?"

"Mmoja."

Alimnong'oneza kwa Kichina. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Na kwangu mmoja."

 Akamnyanyua, akaendelea, ngoma zikififia hadi kona. Niliiacha meza palepale na kukaa karibu yake. Lazima angerudi kwa njia ileile.