Mashine ya Vifaranga Iliyoganda kwa Mama Mkwe

Mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea mama mkwe mtarajiwa ilikuwa baridi kama friji. Sitanii.

Mimi ni programa, naandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Mchumba wangu naye ni programa, tunakaa meza moja kazini. Mama yake anafuga kuku, na msimamo wake ulikuwa mmoja: "Vifaranga wakitoka, njoo tuongee habari za binti yangu."

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa ndani ya lile boksi.

Joto lilitakiwa liwe nyuzi 37, na kukiwa na baridi liongezeke moja. Nikaandika kibingwa, mstari mmoja tu:

joto = 37 + baridi ? 1 : 0;

Mchumba akachungulia. "Andika if ya kirefu, mpenzi: kama kuna baridi, ongeza moja. Mtu asome aelewe."

"If za nini? Hizo za wanaoanza. Alama ya kuuliza, nukta mbili, kazi kwisha!"

Akachukua simu, akatoka nje. Akitoka na simu yule, jamani, ogopa.

Kesho yake, mashine ikiwa tayari kwake, mama akapiga simu. "Mwanangu, kioo cha mashine kimeandika moja. Moja ndiyo nini?"

Nilifika kwake natweta. Nikagusa mayai. Ya baridi yote.

Nikafungua kompyuta, nikausoma mstari wangu taratibu. Kosa hili hapa!

C inajumlisha kwanza, kuuliza baadaye. Ilijumlisha 37 na baridi, ikajiuliza: hii ni sifuri? Siyo. Basi joto ni moja. Jua liwake, mvua inyeshe, moja tu! Mabano mawili yangeniokoa.

"Nisamehe mama, nimekuulia vifaranga."

Mama akachukua yai, akaligonga mezani, akalimenya, akatia chumvi, akala.

La kuchemsha!

"Yote nimechemsha," akasema huku anatafuna. "Yale ya kweli kuku anayaatamia bandani. Binti aliniambia unapenda njia za mkato."

Nilicheka, lakini aibu ilinitafuna kuliko yeye alivyotafuna lile yai. Nikafuta mstari wangu, nikaandika if na else yake, yaani "kama" na "la sivyo", na kwa baridi ya siku ile kioo kikaandika 38.

Wadau, mkato si dhambi. Ukichagua kati ya vitu viwili vidogo, tumia, ila funga mabano. Uamuzi ukiwa mzito, uandike kirefu.

Nikauliza kwa unyonge, "Na habari za binti, mama?"

"Mashine ikitotoa, utamwoa. La sivyo, yale ya kuchemsha utayamaliza wewe."

If kamili, na else yake.