Sentensi ya Mwisho ya Daktari Mchina

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya dawa za Kichina, hapa Butembo, Directeur aliniita pembeni kabla sijaonyeshwa kiti changu cha mkalimani. Alikuwa mtu wa kwetu, mfanyabiashara. Mchina alikuwa daktari tu, aliyeajiriwa naye.

"Docteur akimaliza, anasemaka kila mara: hii dawa inatembea pamoja na ya hospitali, usiache ya hospitali. Ile sentensi unaiacha. Mutu akisikia hospitali, anarudia kule. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, Directeur."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na diploma ya sekondari, na shule zilikuwa zikitafuta walimu. Lakini koti jeupe lilining'inia ukutani, na lilikuwa la kipimo changu.

Kazi ilikuwa hivi. Daktari aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, akasikiliza mapigo. Akatazama ulimi, rangi yake na utando wake. Kisha alisema kwa Kifaransa chake cha kukwamakwama, nami nikageuza kwa Kinande au Kiswahili. Mizizi ilichemshwa katika chungu cha udongo, kamwe si sufuria. Kwa wanawake wenye kansa ya mlango wa kizazi hakudai kuponya. Aliwachoma sindano nyembamba kama unywele ili kutuliza kichefuchefu cha chimio, ile dawa kali ya hospitali inayopitishwa mshipani, na akawapa majani ya kurudisha hamu ya kula. Kwanza alitaka karatasi za hospitali, maana mizizi mingine hugombana na chimio.

Nilikuwa nimeshaota mvi katika kazi hiyo Kavira, mdogo wangu wa kike, alipokuja kutoka Vuhovi, kijijini kwake, na kansa hiyohiyo. Hospitali ilimwambia aende Kampala kuchomwa kwa mionzi, na familia ilikuwa imeshauza mikaratusi kwa ajili ya safari. Directeur alisimama mlangoni. Daktari alisema kwa kirefu: aende Kampala upesi, majani haya yatamsaidia tu kustahimili njia.

Nikamwambia Kavira, "Anasema utakula, utapata nguvu."

Daktari akanikazia macho. "Mimi nimesema mengi. Wewe umesema kidogo."

"Kinande ni lugha fupi, Docteur."

Directeur akaangua kicheko. Kavira, asiyejua Kifaransa, akacheka kwa sababu tulicheka. "Yaya, huyu Muchina anaangaliaka mutu muzuri kupita bwana yangu!"

Kwetu, neno la yaya, kaka mkubwa, hufunga mazungumzo. Jioni familia ilipoketi na kuuliza Mchina alisema nini, Kavira akajibu, "Muulize Yaya." Nikarudia yaleyale. Hakuna aliyetaja Kampala tena. Feza ya mikaratusi ikanunua mbuzi.

Kavira alikula kweli, akanenepa, akapanda maharage. Mimi nilipandishwa cheo, nikapelekwa Beni kusimamia tawi la Bungulu na kumtafsiria Mchina wa huko. Nilikuwa nikipokea makatoni ya mizizi kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi habari iliponifikia kwamba Kavira anatoka damu tena. Nilirudi Butembo, nikampeleka hospitali.

"Mais, mbona mulichelewa hivi?" aliuliza daktari mwanamke.

"Yaya alisema nitapata nguvu," Kavira akajibu.

Niliporudi Bungulu, nilianza kutafsiri kila neno, na ile sentensi ya mwisho nikaisema mara mbili. Directeur akaja mpaka Beni.

"Unaniharibia soko, muzee!"

"Nitatafsiri yote, Directeur, ao ulete mwingine."

"Donc nitaleta mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikumwomba anirudishe.

Sasa ninazunguka parokia na mahekalu ya Waprotestanti pamoja na wauguzi. Wao hueleza jinsi ya kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, palipoharibika pageuke peupe, ugonjwa ushikwe mapema. Mimi hueleza habari za dawa za Kichina. Siitukani, kwa maana niliona wanawake wakila tena kwa ajili yake. Nasema mahali pake ni kando ya hospitali, na daktari wa hospitali ajue unachokunywa. Magoti yanauma, lakini nitaendelea kwenda.

Kavira alifariki Vuhovi kabla ya mavuno ya mwaka uleule. Watoto wake niliwaeleza mwenyewe, baada ya mazishi, kile nilichonyamazia. Hawajaingia nyumbani kwangu tangu hapo. Dada yangu angeweza kufika Kampala wakati mionzi ingali inaweza kumsaidia. Hakufika kwa sababu yangu.