Faili Lenye Jina Langu

Baba yangu alikuwa akifyatua matofali Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Hakuwahi kuwa mtu wa kampuni ya madini. Udongo aliuchimba nyuma ya nyumba yetu, nyumba aliyoijenga mwenyewe chumba kimoja baada ya kingine, na sisi watoto tuliukanyaga kwa miguu mpaka ulainike. Nilipomaliza shule niliandika barua ya kuomba kazi kwenye kampuni hiyo, ingawa kila mtu alijua kuwa watoto wa wafanyakazi ndio huchukuliwa kwanza. Miezi ikapita. Kisha ikaja karatasi yenye jina langu: nifike Jumatatu asubuhi kwenye laboratwari ya kiwanda, mahali wanapopima shaba.

Baba aliizungusha karatasi ile mtaa mzima, mikono yake ingali na udongo. "Mutoto yangu ameingia kwa nguvu yake," alisema. "Hakuna muntu alimusemea." Mama akapika bukari, ugali wetu, na kuku, akaita majirani, tukamshukuru Mungu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Asidi ilitoboa aproni yangu na kunichubua vidole. Niliambiwa nisuuze mara tatu, lakini niliona kwamba chombo kikibaki na uchafu hata kidogo, vipimo vinakosea, basi nikawa nasuuza mara nne. Shefu wetu, mkuu wa laboratwari, hakuwa mtu wa kusifu. Mwaka wa tatu alisimama nyuma yangu kwa muda, akasema, "Weye, kesho unaenda kwenye mizani." Hayo tu. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

Mwaka wa saba niliitwa biro, yaani ofisi ya wafanyakazi, kwa sababu ya kadi yangu; jina la mama lilikuwa limeandikwa vibaya. Karani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua faili langu.

"Baba yako iko wapi sasa?"

"Iko Kikula. Anafanya matofali."

Akainua macho. "Hapa wanaandika alikuwa fundi wa kampuni. Alipata pansheni, akahamia Kapolowe."

Nikasema huyo si baba yangu. Karani akageuza karatasi moja, ya pili, kisha akairudia ya kwanza. Ndipo nilipoanza kuelewa. Wakati ule tulipoamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya wahenga, mimi nilichukua la bibi yangu. Kumbe msichana mwingine, binti wa fundi yule, naye alikuwa amechukua la bibi yake, na jina likawa lilelile. Kazi ilikuwa yake. Karatasi ndiyo iliyopotea njia.

"Unafanya kazi muzuri?" karani aliniuliza.

"Ndiyo, papa."

"Basi rudi kwenye kazi." Akalifunga faili.

Siku ile nilipima mchanga uleule wa shaba mara tano na kila mara niliona namba nyingine. Sikujua nilichokuwa nasikia moyoni. Mwizi anajua kwamba ameiba. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa jina langu, nikaitika. Na zile shukrani zetu zote, kuku yule, sala zile, tulizipeleka wapi? Baba sikumwambia.

Jumapili, baada ya misa, nilinunua kitenge, nikapanda lori la Kapolowe. Kule ikabidi niwaulize watu ninapokaa mimi, maana nililazimika kutaja jina langu mwenyewe. Walinionyesha mwanamke katika shamba la viazi vitamu, wa umri wangu, mtoto mgongoni.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Alisikiliza huku akiegemea jembe.

"Kwetu pia barua ilifika," akasema. "Ilisema nafasi haiko."

Hiyo ilikuwa yangu.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Baba njo mwenye alilia. Miye nilikasirika siku mbili tatu. Kisha tukahamia huku, nikaolewa." Akanitazama sana. "Sasa unataka nikuambie nini, dada? Bahasha haukuandika weye."

"Sijue," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Kazi ile iko nguvu?"

Nikamwonyesha vidole vyangu. Akavishika, akavigeuza, akaweka kando yavyo kiganja chake kilichopasuka kwa jembe. Akacheka. Mpaka leo sijajua alicheka nini.

"Kama ungekuwa muvivu," akasema, "leo ningekukasirikia tena. Lakini sijue. Pengine nakukasirikia kidogo."

Kitenge alikikataa, kisha akakichukua. Akanijazia beseni la viazi na kunisindikiza mpaka barabarani. "Aksanti ya kuya kuniona," akaniambia. Mimi ndiye niliyekwenda kushukuru, au kuomba radhi, na sasa nilikuwa ndani ya lori na viazi magotini, nimeshukuriwa.

Baba aliuliza viazi vimetoka wapi. Nikamweleza, mama naye akisikia. Baba alinawa mikono polepole, akaanza kula. Nilingoja aseme nikaache kazi, au aseme nisijali. Aliniuliza tu, "Yule mama, shamba yake iko kubwa?"

"Iko kubwa, baba."

"Muzuri," akasema, akaendelea kula.

Kazi sikuiacha. Sikujua ningeirudisha kwa nani, na mshahara ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zangu. Lakini kila mara shefu aliponipa ukurasa mgumu wa vipimo, nilijikaza kana kwamba kuna mtu anatazama kutoka Kapolowe. Tulitembeleana na yule mwanamke, si mara nyingi. Binti yake wa kwanza alipofikia umri wa sekondari, alikuja kukaa kwangu asome Likasi. Majirani walipouliza ni mtoto wa nani, niliwajibu ni wa dada yangu, na sikujua kama nilikuwa nadanganya.