Mashine Isiyotaka Nyasi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alhamisi moja ya kiangazi, siku mbili kabla ya harusi ya dada yangu Kokusima. Asubuhi ile nilimwambia mzee wa watu kwamba miguu yake haihitajiki tena. Nilisema mbele ya watu, tena nikicheka. Leo nina mvi na wajukuu, na neno lile bado linaniuma.

Wengi mnanijua mimi kama fundi wa hapa Nyaishozi, mwenye karakana kando ya barabara, anayechomelea mageti na kufufua mashine za kumenyea kahawa. Siku hizi vijana mnaniletea simu zenu nitazame michoro. Mmoja ana jengo lililopinda kama pembe ya ng'ombe wa Ankole. Mwingine ana nyumba ambayo paa lake linakusanya ukungu wa asubuhi kuwa maji ya kunywa. Wapo wazee wanaosema hizo ni ndoto za mchana. Mimi sisemi hivyo, maana nami nilichora za kwangu kwa mkaa, ukutani mwa jiko la mama yangu, na nikachapwa kwa kuuchafua ukuta. Choreni. Ila nikiwatazama mnavyochora, naikumbuka Alhamisi ile, ndiyo maana nawasimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ufundi Bukoba na cheti, na suruali yenye mifuko mingi, na kichwa ambacho hakikuenea mlangoni. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, na pombe haikuingia kwake hata kwa dawa. Basi kinywaji cha harusi kilikuwa omuramba, juisi ya ndizi mbivu kabla haijaachwa ichachuke. Ninyi mliozoea soda mnaweza msielewe uzito wake. Kibuyu cha kwanza hupewa wazee wa upande wa bwana harusi, na nyumba iliyoishiwa omuramba siku ya harusi husemwa mpaka bibi harusi mwenyewe apate wajukuu.

Omuramba hukamuliwa hivi. Ndizi zile za kukamulia, embire, huivishwa kwa siku kadhaa, zikamenywa, zikatiwa ndani ya gogo kubwa lililochongwa mfano wa mtumbwi. Juu yake hutiwa nyasi ndefu, ngumu, zenye makali. Kisha mtu huosha miguu yake sana, akaingia, akakanyaga na kukanyaga mpaka juisi itoke, ikachujwa. Kwetu mtu huyo alikuwa Mzee Byabato, aliyekaa upande wa Kiruruma. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Sikumbuki harusi ya utotoni mwangu ambayo hakuikamulia.

Mimi nikaona hiyo ni aibu. Miguu! Nyasi! Nilikuwa nimesoma mambo ya gia na mhimili, nikaona nitawaonyesha. Nilichukua pipa la chuma nikalisugua kwa mchanga hadi likang'aa. Nikatengeneza visu kwa springi za gari, nikavifunga kwenye mhimili. Kisha nikaivunja baiskeli yangu mwenyewe, nikatumia pedeli na cheni yake, ili mtu akikaa na kupiga pedeli visu vizunguke mbio ndani ya pipa. Nilijaribu kwa maji, vikazunguka hata macho hayakuviona. Nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Umesikia nimesema nilijaribu kwa maji. Lishike hilo, mwanangu, maana shida yote imelala hapo.

Nilipomweleza baba, alinitazama, akasema, "Msomi ni wewe." Alikuwa na fahari na mimi, na fahari ya mzazi ni pazia zito.

Alhamisi asubuhi Mzee Byabato alifika na mzigo wa nyasi begani, amekwisha kuzikata njiani. Ua lilikuwa limejaa shangazi, binamu na majirani waliokuja kusaidia.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Ndizi zimeiva vizuri, harufu nimeipata tangu njiani. Mtumbwi uko wapi?"

"Mzee, safari hii pumzika. Kuna mashine. Miguu yako haihitajiki tena."

Baadhi ya vijana wakacheka, nami nikacheka nao. Mzee aliweka nyasi chini. Akaizunguka mashine, akagusa kisu kimoja kwa kidole, akatikisa kichwa kama mtu anayependezwa.

"Nyasi zinapita wapi hapa?"

"Haitaki nyasi, mzee. Nyasi ni uchafu tu."

"Umekwisha kuijaribu kwa ndizi?"

Badala ya kujibu nilicheka tena. Mzee alikwenda kumuaga mama yangu mlangoni. Mama akamletea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo mgeni kwetu haondoki bila kuionja, lakini hakuchukua hata punje. Akaondoka. Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana na mzazi tayari yuko kwenye uchungu.

Mashine ikaanza, na ilikuwa tamu kuitazama, siwezi kudanganya. Binamu zangu walipokezana pedeli, watoto wakapiga makofi. Ilimeza ndizi kwa haraka hata nikasahau busara ndogo ya kuacha akiba. Nikatia zote. Kabla jua halijapanda juu, ndizi tulizoziivisha siku zote zile zilikuwa ndani ya pipa na masufuria.

Na zilikuwa uji.

Mzito, wa rangi ya udongo, unanata kama gundi. Nikasema tusubiri, juisi itajitenga. Tukasubiri. Nikaleta kitambaa safi nikafunga, nikakamua kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kilivimba, yakadondoka matone ya kujaza kijiko. Nikaongeza maji, nikapata uji mwepesi. Ua likaanza kunyamaza, mtu mmoja mmoja. Hakuna kelele inayouma kama ile, watu wanaponyamaza kwa kukuhurumia.

Kokusima alitoka ndani, nywele zimesukwa nusu. Alichovya kidole ndani ya sufuria, akaonja, akanitazama. Nilitamani anitukane. Alirudi ndani, na nikasikia akilia.

Baba alikaa kwenye kigoda akitazama chini. Mama ndiye aliyenijia.

"Nenda," akasema.

"Wapi, mama?"

"Unajua ni wapi."

Nikaenda kwa miguu, maana baiskeli yangu ilikuwa imegeuka mashine. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga kueleza kwamba ndizi hazikuiva sawasawa, kwamba visu vilihitaji kunolewa. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini anayejaribu kuuficha hujiona mwerevu sana njiani. Nilipofika nilimkuta Mzee Byabato na mkewe, Bibi Kokugonza, wakipura maharage uani, na maneno yote yakanikimbia. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda.

"Mzee, nimeharibu. Nisamehe."

Aliendelea kupura kidogo. Kisha akaweka fimbo chini.

"Ndizi zote?"

"Zote."

Akashusha pumzi. "Mashine yako ni nzuri, fundi. Ningekuwa na umri wako ningekuomba unifundishe. Lakini umezaliwa na kukua unakunywa omuramba, na hujaniuliza hata siku moja nyasi zinafanya nini mle ndani. Unadhani babu zetu walikata nyasi zile kwa sababu walipenda kuchanwa vidole? Kitu ambacho watu wamekifanya miaka mingi hivyo, kiulize kwanza. Kikikosa jibu, hapo kitupe."

Nikasema, "Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Umefedheheka tu. Utasikia kesho."

Hapo Bibi Kokugonza, ambaye alikuwa ameuma upindo wa kitenge chake muda wote, alishindwa kujizuia. Akaangua kicheko. "Uji!" akasema. "Jamani, harusi ya uji!" Mzee naye akaanza kutikisika mabega, na mimi niliyekuwa karibu kulia nikajikuta nacheka pamoja nao, machozi yakinitoka. Kisha walinilisha. Viazi na maharage; sijala chakula kitamu kuliko kile.

Mzee alijua la kufanya. Katika kila nyumba kulikuwa na ndizi zilizowekwa kuiva juu ya dari la jiko, chache kwa matumizi ya watu wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, zikikusanywa zingetosha. Lakini alitoa sharti: niende kuomba mwenyewe, na kila mlango nieleze kwa nini naomba. Basi jioni ile na Ijumaa alfajiri nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu, nikisimulia ujinga wangu. Kufikia nyumba ya sita hadithi ilikuwa imenitangulia, na watu walinipokea na ndizi mkononi na kicheko mdomoni. Hakuna aliyeninyima.

Ijumaa mzee aliniamuru nioshe miguu. Nikaosha. Akaitazama, akanirudisha nioshe tena. Kisha tukaingia mtumbwini wawili, yeye mbele yangu, ndizi na nyasi chini yetu.

"Mpora, mpora," akawa ananiambia, yaani polepole. "Usiziue. Zibembeleze."

Mwanzoni nilisikia utelezi tu. Baadaye kidogo, mwanangu, kitu kilitokea chini ya nyayo zangu ambacho hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha. Nyama ya ndizi ilianza kuzishika nyasi, ikajizungusha humo kama pamba kwenye kijiti, na majimaji yakaachwa huru. Nilihisi yanapanda kati ya vidole. Nikainama nikachota kwa kiganja: juisi, safi, ya dhahabu, ina povu. Nikaelewa. Visu vyangu vilikuwa vimeikata ndizi vipande vidogo mno hata maji yote yakajificha ndani ya uji, na hapakuwa na kitu cha kuishika nyama yake. Nyasi nilizoziita uchafu zilikuwa nusu ya mashine. Mzee aligeuka, akauona uso wangu, akasema, "Sasa umesikia."

Siku ya harusi omuramba ulitosha, ingawa kwa kubana. Mzee wa upande wa bwana harusi aliomba kibuyu cha pili na tukampa. Kokusima alicheza hadi viatu vikamtoka, na hadi leo tukikutana hunikaribisha kwa kuniuliza kama nataka uji. Uji wenyewe waliula nguruwe wa jirani. Hao walifanya sherehe kabla ya wageni.

Usidhani niliiacha mashine. Hilo lingekuwa kosa la pili. Nilikwenda kwa Mzee Byabato msimu mzima, nikikanyaga naye, nikihesabu hatua zake, nikishika nyasi kabla na baada. Visu nikavitupa, nikaweka makasia butu ya mbao. Gia nikaigeuza, ili mhimili uzunguke taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Na nyasi nikazipa nafasi yao. Mashine ya kwanza ya namna hiyo ilikwama. Ya pili ilivunja makasia. Ya tatu ilitoa juisi. Mzee alionja, akanyoosha kikombe aongezwe. Bibi Kokugonza ndiye aliyesema mpini wa kuzungushia, niliouweka badala ya pedeli, uko juu mno kwake, nami nikaushusha kabla sijaondoka pale. Tangu hapo nimetengeneza nyingi, na zimefika hadi Kyerwa. Mzee mwenyewe aliendelea kukanyaga kwa kupenda kwake hadi magoti yalipokataa, kisha akawa anakaa kando ya mashine akiwasimamia vijana. Ameshatangulia mbele ya haki. Alinifundisha zaidi ya chuo, na chuo sikidharau.

Basi, mwanangu unayechora, shika haya. Kabla hujaondoa kitu, kiulize kinafanya nini, na umuulize yule ambaye mikono au miguu yake imekifanya. Kuuliza si ujinga, na ujuzi hauzeeki. Jaribu kwa ndizi zenyewe, usijaribu kwa maji ukajisifu. Jaribu kidogo, uache akiba. Ukikosea, na utakosea, usitafute wa kumsingizia. Piga magoti mapema, maana watu wetu ni wepesi kusamehe anayekuja mwenyewe. Kisha rudi kwenye kazi yako, usiiache kwa aibu. Mimi sitaki uwe mtu wa kale. Nataka jengo lako lililopinda lisimame, na mama mwenye ndoo kichwani apite mlango wake bila kuinama.

Mungu aibariki mikono yako na kalamu yako. Akupe wazee wa kukuuliza maswali magumu, na moyo wa kuyajibu bila kucheka. Ulichokianza akujalie ukimalize, nacho kikawe faraja kwa watu usiowajua. Amina.