Shikamoo ya Roboti

Nilimdhania Mudathir kuwa mwongo asiyejua Kiingereza. Naanza na kosa hilo kwa sababu kila nilichofanya Jumamosi ile kilitokana nalo.

Mudathir alikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video la Bi Hamisa, Tandika. Alikaa pembeni ya televisheni na maiki yake, akiwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa. Ndipo mteja mmoja, Kondo, fundi viatu, alipolalamika kwamba alitazama filamu kwa shemeji yake Sinza, yenye maandishi ya Kiswahili chini, na haikufanana hata kidogo na ile ya Mudathir. Bi Hamisa akaniita mimi, jirani yake mwenye shahada ya Kiingereza.

"Mwalimu, kaa usikilize. Ukiniambia anatudanganya, maiki nampa Didas. Yule anatafsiri kama ilivyo."

Nilikaa nyuma na karatasi.

Filamu ilionyesha zama zijazo kama walivyoziwaza watu wa zamani. Vyombo vya anga vilikuwa vya shaba, vimepigwa ribiti, vikitoa moshi kama treni. Mji mzima ulining'inia chini ya mwezi kama taa ya karabai. Mvua ilinyesha kuelekea juu. Sidhani kama nimewahi kuona picha zilizobuniwa vizuri kuliko zile. Watu waliokuwamo, hata hivyo, walikuwa vivuli. Kapteni alitabasamu na kukimbia. Binti alipiga kelele. Adui alicheka.

Mudathir aliwapa makwao. Kapteni akawa mtoto wa Mtoni Mtongani aliyeondoka bila kumuaga mama yake. Binti akawa mchora ramani aliyechoshwa na ahadi za kapteni. Niliandika: kosa la kwanza, la pili, la tatu.

Baadaye kapteni aliingia chumba cha mitambo, akamkuta roboti mkongwe mwenye kichwa kama redio ya mbao. Kwa Kiingereza alisema tu, "Fungua mlango." Kabla Mudathir hajatamka neno, sauti ilitoka kwenye mabenchi. Alikuwa Kondo yuleyule.

"We kapteni, hata salamu? Huyo si mkubwa wako?"

"Mkubwa wapi, mashine hiyo!" mwingine akamjibu.

"Mashine imeundwa babu yake hajazaliwa! Ulikuwa umelala?"

Mudathir akasimamisha filamu, akairudisha nyuma kidogo. Kapteni akaingia upya.

"Shikamoo, mzee."

Roboti aliwasha taa zake mbili za macho. Banda zima likasubiri.

"Marahaba," Mudathir akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mama hajambo? Maana simu zake hupokei."

Walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Nilicheka nami, kisha nikaandika: kosa la tisa.

Filamu ilipokwisha, Mudathir alinifuata. "Braza, umeonaje?"

"Yule kapteni hakusema hayo."

"Hakusema kitu, braza. Saa mbili nzima anakimbia tu. Mtu gani huyo hana kwao?"

Bi Hamisa aliponiuliza, nilimsomea makosa kumi na moja, na katika kila moja nilikuwa sahihi. Akaikunja ile karatasi. Mudathir mwenyewe ndiye aliyechomoa maiki, akauzungusha waya wake taratibu, akamkabidhi Bi Hamisa.

"Haya shehe, umeshinda," alimwambia Kondo.

"Mie?" Kondo alishtuka. "Mie nilisema haifanani. Nilisema mbaya?"

Didas alianza kazi Jumatatu.

Miezi minne ikapita kabla sijakutana na Najat, dada yake Mudathir, kwenye arusi ya jirani. Ndiye aliyenieleza kwamba kaka yake, kabla ya kazi ya banda, alikuwa karani bandarini kwa muda mrefu, akizungumza Kiingereza na mabaharia kila siku, na kwamba kila filamu aliitafsiri kwanza neno kwa neno katika daftari kabla ya kushika maiki. Daftari la filamu ile Najat alikuwa amelihifadhi nyumbani, na kesho yake akanionyesha. Maneno yote ya kapteni, tangu mwanzo hadi mwisho, yalijaza ukurasa mmoja na nusu.